Ruhusa ya kuingia nchini: jinsi ya kuisoma na kuutunza ushahidi wake

Ukiwa Cheyo, hapa Manispaa ya Tabora, mpaka wa nchi unaonekana uko mbali. Lakini treni inayoondoka hapa kwenda Kigoma inakufikisha karibu na Burundi na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kuna Kongo. Barabara ya Nzega na Kahama inakwenda hadi Rusumo, mlango wa Rwanda. Wapo ndugu zetu wanaovuka kufuata biashara, matibabu, masomo au msiba. Wapo pia wageni wanaokuja kwetu kulima, kufanya vibarua vya tumbaku au kutembelea jamaa.

Maswali mengi ya wasikilizaji kuhusu uhamiaji yana mzizi mmoja. Mtu alipewa ruhusa, lakini leo hana cha kuonyesha. Makala hii inaeleza ruhusa ya kuingia nchini ni nini, imeandikwa wapi, inasomwaje, na inatunzwaje ili siku ukiulizwa uwe na jibu mkononi.

Somo kutoka Ulyankulu

Mkoa wetu una mfano wa karibu unaoonyesha uzito wa karatasi. Mwaka 1972 mauaji nchini Burundi yalisababisha maelfu ya watu kukimbilia Tanzania. Serikali iliwapa makazi matatu makubwa: Ulyankulu hapa Tabora, na Katumba na Mishamo katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Katavi. Walipewa ardhi, wakafyeka pori, wakalima, wakazaa na kulea. Lakini kwa sheria walikuwa wakimbizi. Kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali cha maandishi.

Mwaka 2007 Serikali za Tanzania na Burundi, pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, zilianza mpango wa kulimaliza suala hilo. Kila mtu aliulizwa achague kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Wengi walichagua kubaki. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba zaidi ya watu 162,000 wamekubaliwa kuwa raia.

Habari ilikuwa njema, lakini vyeti havikutoka. Mpango wa wakati ule uliwataka kwanza wahame makazi yale na kusambazwa mikoa mingine, na jambo hilo likakwama. Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Watu hawa walikuwa wameukana uraia wa Burundi. Ukimbizi nao ulikuwa umekwisha. Uraia wa Tanzania walikuwa wametangaziwa, ila hawakuwa na karatasi ya kuuthibitisha. Kusafiri, kufanya biashara mbali na makazi na kuwaendeleza watoto kimasomo kulikuwa kwa mashaka, kwa sababu kila aliyeulizwa alibaki na maneno matupu.

Hali hiyo ilidumu miaka minne. Oktoba 2014, wakati wa Rais Jakaya Kikwete, vyeti vya uraia vilianza kugawiwa, na sharti la kuhama likaachwa. Mtu aliyekubaliwa mwaka 2010 na yule aliyeshika cheti mwaka 2014 ni mtu yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba sasa alikuwa na cha kuonyesha.

Kwa familia hizo, cheti kile si cha mzee peke yake. Mtoto anapoomba kitambulisho cha taifa NIDA, au pasipoti Uhamiaji, huulizwa uraia wa wazazi wake. Cheti cha baba au mama ndicho kinachojibu. Kikiliwa na mchwa, usumbufu unarithiwa na watoto.

Wakati wa hongo

Katika njia ya misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, ruhusa ya kupita ilinunuliwa kwa hongo. Neno hili leo lina sura mbaya, lakini wakati ule lilikuwa ushuru uliojulikana. Msafara ulilipa vitambaa, shanga au nyaya kwa mtawala wa eneo, ndipo upite.

Shida yake ilikuwa kwamba hapakuwa na risiti inayoheshimiwa na kila mtu. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliondoka Kwihara, karibu na Tabora, kumtafuta Livingstone. Njia ya kawaida ilikuwa imefungwa na vita vya Mirambo, hivyo akazunguka kusini na kuingia Uha. Mtwale wa kwanza alipokea hongo akisema yeye ndiye mwenye mamlaka. Kesho yake mwingine akamwambia yule wa jana si mkubwa, akamtoza doti 75, yaani kitambaa cha karibu mita 270. Kijiji kilichofuata nacho kikadai. Alipoambiwa mbele wako wengine watano, Stanley alikodi mtu wa kumwongoza, akapita porini usiku pamoja na msafara wake.

Tofauti ya leo ni kwamba ruhusa ikitolewa mara moja na afisa wa nchi, inatambulika nchi nzima. Lakini inatambulika kwa sababu imeandikwa. Usipoweza kuionyesha, unarudi katika hali ya yule aliyelipa jana na leo anadaiwa upya.

Karatasi nne zinazochanganywa

Wasafiri wengi huita kila kitu "pasi". Ni vizuri kutofautisha.

*Pasipoti* hutolewa na nchi yako. Inasema wewe ni nani na ni raia wa wapi. Haikupi haki ya kuingia nchi nyingine. Tanzania ilizindua pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki Januari 2018. Kwa safari fupi za nchi jirani, Uhamiaji hutoa pia Hati ya Dharura ya Safari. Si kila nchi inaipokea, hivyo uliza kabla ya kuondoka nyumbani.

*Viza* hutolewa na nchi unayokwenda. Ni kibali cha kufika mlangoni na kuomba kuingia. Mwenye viza bado anaweza kuulizwa maswali mpakani, na anaweza kukataliwa. Nchi nyingine hazihitaji viza kwa raia wa nchi fulani.

*Muhuri wa kuingia* hugongwa na afisa uhamiaji pale mpakani, bandarini au uwanja wa ndege. Hii ndiyo ruhusa yenyewe ya kuingia na kukaa kwa siku zilizotajwa. Ukiwa na viza bila muhuri, huna ushahidi kwamba uliingia kwa njia halali.

*Kibali cha ukaazi* ni cha mgeni anayetaka kukaa kwa kazi, uwekezaji, masomo au shughuli nyingine ya muda mrefu. Tanzania ina daraja A kwa wawekezaji na waliojiajiri, daraja B kwa walioajiriwa, na daraja C kwa makundi mengine kama wanafunzi, watafiti, wamisionari na wanaojitolea.

Wakimbizi wana utaratibu wao. Aliyeko kambini, kama Nyarugusu mkoani Kigoma, haishi kwa muhuri wa mgeni. Ushahidi wake ni nyaraka za ukimbizi na kibali cha kutoka kambini anapokuwa nje.

Soma kabla hujaondoka dirishani

Kosa kubwa la wasafiri ni kupokea pasipoti, kuifunga na kukimbilia basi. Jipe dakika moja. Ukiwa bado mbele ya dirisha, fungua ukurasa uliogongwa muhuri uangalie mambo haya:

- Je, muhuri upo kweli, na unasomeka? Wino ukififia au mihuri ikipandana, mwombe afisa kwa heshima augonge tena au aandike vizuri.
- Je, ni wa kuingia au wa kutoka?
- Tarehe ni ya leo? Kosa la mwezi mmoja linaweza kukufanya uonekane umezidisha siku.
- Umepewa siku ngapi? Usihesabu siku ulizoomba wala zilizo kwenye viza. Hesabu zilizoandikwa na afisa.
- Sababu ya kuingia iliyoandikwa ndiyo uliyosema? Aliyeingia kutembea haruhusiwi kufanya kazi.
- Jina na namba katika karatasi yoyote uliyopewa vinafanana na vya kwenye pasipoti?

Kosa likionekana pale pale, hurekebishwa kwa muda mfupi. Likionekana baada ya wiki tatu, wewe ndiye utakayetakiwa kueleza.

Katika vituo vya pamoja vya mpakani, kama Rusumo, Mutukula, Namanga na Tunduma, maafisa wa nchi mbili hukaa jengo moja. Unapitia dirisha la kutoka nchi moja, kisha dirisha la kuingia nchi ya pili. Ni rahisi kuruka moja bila kujua. Hakikisha umepata mihuri yote miwili. Asiyegongewa muhuri wa kutoka anaweza kurudi mwaka unaofuata akaambiwa kumbukumbu zinaonyesha hakuwahi kuondoka.

Raia wa Afrika Mashariki wana haki gani?

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Kwa kanuni zake, raia wa nchi mwanachama anayekwenda nchi nyingine kama mgeni hupewa ruhusa ya kuingia bila malipo, na anaweza kukaa hadi miezi sita.

Maneno mawili hapo yanahitaji kueleweka. La kwanza ni "hupewa". Ruhusa haiji yenyewe kwa kuwa wewe ni Mwafrika Mashariki. Lazima ufike kituoni uionyeshe hati yako na uipokee. La pili ni "hadi". Afisa anaweza kuandika siku pungufu, na hizo pungufu ndizo zinazokubana.

Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana mwaka 2014 raia wao wavuke baina yao kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haikuwa katika mpango huo. Mtanzania asitegemee kadi ya NIDA peke yake. Abebe pasipoti au hati ya safari.

Ruhusa ya miezi sita si kibali cha kazi. Mgeni anayetaka kuajiriwa Tanzania, hata akitoka nchi jirani, anahitaji kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi na kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Hivi ni vibali viwili vya ofisi mbili, na kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Njia za panya

Kuna sehemu za mpaka ambapo ndugu wa kijiji kimoja wametenganishwa na kijito. Watu huvuka asubuhi, wakarudi jioni. Tatizo huanza mtu anapoendelea na safari hadi ndani ya nchi. Huyu angeweza kupata muhuri bila kulipa chochote, lakini amepita kichakani kukwepa foleni au kwa kumsikiliza kishoka aliyemwambia "mimi nitakupitisha".

Basi likisimamishwa kwa ukaguzi, yule kishoka hayupo. Hakuna muhuri, hakuna tarehe, hakuna njia ya kuonyesha uliingia lini. Haki ya miezi sita uliyokuwa nayo umeiacha kichakani. Kumbuka pia kwamba katika mambo ya uhamiaji, anayedai kuwa ana ruhusa ndiye anayetakiwa kuithibitisha.

Kama kuna malipo halali, kwa upande wa Tanzania hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, ile wengi tunayoiita kontrol namba, kupitia benki au simu. Ukiombwa fedha taslimu bila namba wala risiti, una haki ya kuuliza.

Ukimpokea mgeni nyumbani

Mila zetu zinatufundisha mgeni apewe maji kwanza, maswali baadaye. Iwe hivyo. Lakini maswali yasisahaulike. Kumhifadhi mtu unayejua yuko nchini kinyume cha sheria ni kosa, na "ni shemeji yangu" si utetezi.

Mgeni wa nchi nyingine akishapumzika, mwombe mwangalie pamoja muhuri wake. Andika tarehe ya mwisho mahali mtakapoiona, hata kwenye kalenda ya ukutani. Mpeleke kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji ajulikane. Utambulisho wa kijiji ni mzuri kwa usalama, lakini barua ya mtendaji haigeuki kuwa ruhusa ya kukaa nchini. Ruhusa hiyo hutoka Uhamiaji peke yake.

Kama siku hazitoshi, aende Ofisi ya Uhamiaji ya Mkoa kabla hazijaisha. Anayekwenda akiwa na siku tano mkononi anaomba nyongeza. Anayekwenda siku tano baada ya kuisha anajieleza kwa kosa.

Wakulima wa tumbaku wanaochukua vibarua, suala hili linawahusu pia. Usimpe kazi mtu kwa kuwa tu anasema ana karatasi, aionyeshe. Na ukishaiona, mrudishie. Kumfungia kibarua hati yake ili asiondoke kabla ya mavuno ni kumnyang'anya ushahidi wake wa pekee.

Jinsi ya kutunza

Nyumba za vijijini zina maadui watatu wa karatasi: maji, mchwa na panya. Chini ya godoro, darini na kwenye ufa wa ukuta si mahali pa kuhifadhia cheti. Fanya hivi:

- Weka hati kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha maji, kisha ndani ya sanduku la bati lililoinuliwa kutoka sakafuni.
- Piga picha kwa simu ukurasa wa picha yako, ukurasa wa viza na kila muhuri. Picha isomeke hadi namba.
- Mtumie picha hizo mtu mmoja unayemwamini. Simu ikiibwa pamoja na mkoba, nakala ibaki kwake.
- Toa nakala za karatasi, uzitunze nyumba tofauti na ilipo hati halisi.
- Risiti za mashine hufifia. Zipige picha au uzitoe nakala mapema.
- Andika kwenye daftari namba ya hati, tarehe ilipotolewa na ofisi iliyoitoa. Namba hiyo ndiyo inayorahisisha kutafutiwa kumbukumbu.
- Usitupe pasipoti iliyokwisha muda. Mihuri yake ni historia ya safari zako, na kibali cha zamani kinaweza kuulizwa miaka mingi baadaye.

Nakala na picha hazichukui nafasi ya hati halisi mpakani. Kazi yake ni kukusaidia kupata nyingine na kueleza ulikotoka.

Usiseme "Serikali ina kumbukumbu zangu zote". Uingereza ilitokea jambo ambalo linafaa kutukumbusha. Watu wengi waliofika huko kutoka visiwa vya Karibi kabla ya 1973 walikuwa na haki halali ya kuishi. Wengine walikuja wadogo na hawakuwahi kuchukua hati. Mwaka 2010 kadi za zamani zilizoandikwa walipofika ziliharibiwa na wizara iliyozihifadhi. Sheria zilipokazwa, wazee waliokaa miaka zaidi ya 40 walidaiwa ushahidi. Wengine walipoteza kazi, wengine walifukuzwa nchini. Mwaka 2018 Serikali ya huko iliomba radhi. Radhi hiyo haikuwarudishia miaka waliyopoteza.

Ikipotea

Usikae kimya ukingoja iokotwe. Kwanza nenda polisi utoe taarifa ya kupotelewa na mali, upewe karatasi yake. Itunze hiyo nayo. Pili, nenda Ofisi ya Uhamiaji ya Mkoa ukiwa na nakala au picha na ile namba ya daftarini. Ukiwa nje ya nchi, nenda ubalozi wa Tanzania baada ya polisi wa huko. Cheti kikichakaa, usikibandike gundi wala kuandika juu ya herufi zilizofutika, kipeleke kilivyo. Hati iliyokorogwa huleta mashaka hata kama ni halali.

Maswali mafupi

*Niliingia kihalali lakini muhuri umefutika kwa maji. Je, nimekuwa haramu?* Hapana, ruhusa ilitolewa. Lakini nenda Uhamiaji mwenyewe mapema, kabla hujaulizwa njiani, ukiwa na tiketi ya basi au picha yoyote inayoonyesha siku uliyoingia.

*Mtoto wa mgeni amezaliwa hospitali ya hapa. Cheti cha kuzaliwa kinatosha?* Cheti cha kuzaliwa kinathibitisha alipozaliwa na wazazi wake. Si kibali cha kuishi nchini, na peke yake hakithibitishi uraia.

*Dereva ameniambia nimwachie pasipoti akanigongee muhuri.* Usimwachie. Shuka, panga foleni, ugongewe ukiona kwa macho yako.

*Nimepata uraia. Je, karatasi zangu za ukimbizi nizichome?* Usichome. Zinaeleza ulikotoka na ulifikaje kwenye cheti ulichonacho.

Kwa kumalizia

Ukirudi nyumbani leo, toa hati zako na za wazazi wako, zitazame zote. Kilichofifia kitoe nakala. Kilichoandikwa vibaya kipeleke kikarekebishwe. Chenye tarehe ya mwisho kiandike kwenye kalenda. Watu wa Ulyankulu walingoja miaka minne kupata karatasi moja. Iliyokwisha kufika mkononi mwako isipotee kwa kukosa mfuko wa nailoni.